Nimelipa arbuni ya mlango, sasa mji mzima unajua akiba yangu

Assalaamu alaykum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, nakaa Lamu mtaa wa Mkomani. Mume wangu ni nahodha, akitoka na jahazi hurudi baada ya siku kumi au zaidi. Kazi yangu naifanyia nyumbani: naandika manukuu ya video kwa kampuni moja ya Ujerumani, nayo hunilipa kila mwisho wa mwezi kwa bitkoini, ile sarafu ya mtandaoni. Tulikubaliana hivyo kwa sababu pesa zikipitia benki zilikuwa zinachelewa na ada zinakula sana. Ni miaka miwili sasa. Kila mwezi nilikuwa natoa cha matumizi, kingine nakiacha, ili tukarabati nyumba aliyotuachia marehemu baba. Boriti za dari zimeoza na mlango wa mbele umeliwa na mchwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Langoni kwa fundi wa nakshi nikaagiza mlango. Mzee akasema kijana wake anapokea bitkoini, nikaona kheri, nikatuma arbuni ya satoshi 350,000 (satoshi ndiyo senti ya bitkoini) pale pale karakana. Jioni yule kijana akaiingiza anwani yangu ya bitkoini kwenye tovuti ya kutazama miamala. Akaona malipo yangu yote ya miaka miwili, tarehe zake, na kilichobaki. Akakigeuza kuwa shilingi. Ijumaa baada ya sala, kiasi kile kilikuwa kinatajwa barazani Mkunguni.

Tangu hapo sina raha. Shemeji amekuja kutaka nimnunulie mashine ya boti, hakuniomba, aliniambia. Mama mkwe amenuna, anasema kumbe nina mali na kwenye arusi ya wifi nilichanga elfu mbili. Usiku nikisikia nyayo uchochoroni nakaa macho mpaka alfajiri, na mume yuko baharini.

Nimejaribu kuuliza. Mmoja kaniambia nihamishe zote kwenye waleti mpya, yaani programu nyingine ya kutunzia bitkoini, leo leo. Mwingine kanipa kiungo cha watu wa Telegram wanaosema wataziosha, niwatumie zote wanirudishie nyingine zisizojulikana, wakate asilimia mbili. Rafiki yangu naye anasema asiye na baya hana haja ya kujificha. Halafu wiki hii, kwenye akaunti yangu nyingine ya USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, ambayo mteja wa pili hunilipia, kimeingia kiasi kidogo sana kutoka kwa mtu nisiyemjua. Je, naweza kufuta yale yaliyokwisha onekana? Na kwa mbele nifanyeje?

Mama wa Mkomani

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Kabla ya jambo lolote: hizo za Telegram usitume hata satoshi moja. Na hizo nyingine usizihamishe leo. Nitakueleza kwa nini, lakini nimetaka ulione hili kwanza ili hata ukiishia hapa usiwe umepotea.

Hakuna aliyekuibia pesa. Kilichochukuliwa ni sitara yako, na kwetu sitara ya mtu haikuwa jambo dogo hata siku moja. Umeuliza kama inafutika. Haifutiki. Daftari la bitkoini lilifunguliwa tarehe 3 Januari 2009, na kila muamala ulioandikwa humo tangu siku hiyo bado upo, umenakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na mtu yeyote anaweza kuusoma bila ya kuomba ruhusa. Ndivyo ilivyojengwa, ili pasiwe na mtu mmoja wa kushika hesabu. Daftari lenyewe halina majina ya watu, lina anwani tu. Jina hutiwa na sisi wenyewe. Wewe ulilitia pale ulipomlipa mtu anayekujua, na kwa kuwa ulikuwa na anwani moja tu kwa miaka miwili, kulijua jambo moja lako kukawa ni kuyajua yote.

Huyo aliyejiita Satoshi Nakamoto, katika waraka wake wa mwaka 2008 ulioanzisha bitkoini, alilisema hili waziwazi: kila muamala utumie ufunguo mpya, yaani anwani mpya, ili isionekane kwamba yote ni ya mtu mmoja. Waleti nyingi nzuri siku hizi hufanya hivyo zenyewe, kila ukibonyeza pokea zinakupa anwani mpya, na zote zinatokana na yale maneno 12 au 24 ya siri ya kufungulia waleti, uliyoandika mwanzo. Wewe uliendelea kutumia ile ya kwanza kwa sababu mteja alikuwa ameshaihifadhi. Wengi wanafanya hivyo.

Wewe umezaliwa katika nyumba ya Lamu, kwa hivyo nitakueleza kwa nyumba. Mgeni anakaribishwa dakani, kibaraza cha mlangoni, anakaa, anapewa kahawa, mnazungumza. Akivuka mlango anaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na tekani imejengwa upande, jicho la aliye nje haliwezi kupiga moja kwa moja mpaka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, sembuse vyumba vya msana na ndani. Wazee waliojenga hivyo hawakuwa wezi wala walanguzi. Walijua kwamba mtu wa biashara ana haki ya daka, na haki yake inaishia hapo. Anwani moja inayopokea mshahara, kuweka akiba na kulipa mafundi ni nyumba isiyo na tekani. Mgeni wa dakani anaona mpaka kitandani.

Sasa kuna jambo la chenji, na hili ndilo watu wengi hawalijui, hata wanaojiita wajuzi. Bitkoini kwenye waleti haikai kama maji ndani ya mtungi. Inakaa kama noti. Mteja akikutumia satoshi 900,000 hiyo ni noti moja ya 900,000. Ukitaka kumlipa fundi 350,000 huwezi kuichana, unaitoa nzima: 350,000 zinakwenda kwake, na karibu 550,000, zikitolewa ada ya mtandao, zinarudi kwako kama chenji. Kwako wewe chenji ilirudi kwenye anwani ile ile, kwa hivyo kijana hakupata taabu. Lakini hata ingerudi kwenye anwani mpya, angeweza kukisia. Muamala una matoleo mawili tu, yaani sehemu mbili zilikokwenda pesa, moja analijua kuwa ni lake, basi hilo jingine ni la nani? Kisha anaweza kukaa akaliangalia linakwenda wapi mwezi ujao. Ndiyo maana ukilipa mtu wa mtaani, chagua noti ndogo iliyo karibu na bei. Usivunje noti kubwa mbele yake. Waleti zinazokuruhusu kuchagua noti kwa mkono zipo, na nakusihi utafute mojawapo, kisha kila kinachoingia ukiandikie pembeni kimetoka kwa nani. Kazi ya dakika moja.

Kinyume chake nacho kina hatari. Ukilipa kitu kikubwa kwa kuunganisha noti tatu kutoka anwani tatu, umeuambia ulimwengu kwamba anwani zote tatu ni za mkono mmoja, kwa sababu aliyetia saini ni mmoja. Wanaofuatilia miamala kwa biashara hutegemea dalili hii kuliko nyingine yoyote. Hapa ndipo panapojibiwa ushauri wa kuhamisha zote leo. Mimi nilifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa na anwani karibu ishirini, zilizotengana vizuri, nikaingiwa na wasiwasi kwa jambo dogo, nikazikusanya zote kwa muamala mmoja kupeleka kwenye waleti mpya. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anajua kipande. Baada ya hapo, yeyote aliyejua kipande kimoja alijua vyote, pamoja na mahali vilipohamia. Sikuweza kuyarudisha, na mpaka leo najuta. Ukihama nyumba kwa kuburuta gunia lililotoboka, anayetaka kukufuata atafuata mchele.

Basi fanya hivi. Fungua waleti mpya yenye maneno mapya, na humo kiingie kipya tu. Mwandikie mteja wa Ujerumani kwamba kuanzia mwezi huu utamtumia anwani mpya kila mara pamoja na hati ya malipo. Atakubali, ni jambo la kawaida kwa anayelipa kwa bitkoini. Akikuomba ule ufunguo mrefu wa umma wa waleti, unaoanza na xpub au zpub, ili ajitengenezee anwani mwenyewe, mkatalie kwa upole, au umtengenezee waleti ya peke yake. Aliye nao hawezi kukuibia, lakini anaziona anwani zako zote, zilizopita na zijazo. Na popote ulipoandika anwani ya zamani, iwe WhatsApp, Facebook au karatasi ya bei, iondoe.

Waleti ya zamani usiitupe, iache pale pale iliko, na ichukulie kama daka: imeonekana, basi imeonekana. Itumie kwa yale ambayo watu wanayajua tayari, yaani nyumba. Boriti, chokaa, fundi, vyote vilipwe kutoka humo mpaka ipungue. Nayo ikipungua wataiona inapungua, na hilo nalo litakupunguzia wageni.

Ikiwa ni lazima sehemu yake uiokoe macho ya watu, njia ya halali na rahisi ni kupitia soko la sarafu za kidijitali linalomtambua mteja kwa kitambulisho. Ukiingiza pale, pesa zako zinachanganyika na za maelfu ya wengine, na anayetazama daftari kutoka nje anaishia mlangoni. Ukitoa baadaye kwenda kwenye waleti mpya, toa kwa vipande, kwa siku tofauti, na kwa kiasi kisicholingana na ulichoingiza. Elewa tu kwamba soko lenyewe linajua, na serikali ikiuliza kwa utaratibu wa sheria itaambiwa. Kwako hilo si tatizo. Unajisitiri na shemeji na baraza la Mkunguni, na kwa kazi hiyo njia hii inatosha.

Wale wa kuosha nakukataza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba unampa mtu usiyemjua akiba yako yote mkononi, kisha unangoja arudishe. Ya pili ni kwamba hata akirudisha, hujui anakurudishia za nani. Zikiwa zimetokana na wizi, kesho soko litazuia akaunti yako na kukuuliza maswali usiyo na majibu yake. Kuna njia za kuchanganya ambazo hakuna anayeshika pesa za mwenzake, Gregory Maxwell, mmoja wa waandishi wa programu ya bitkoini, alizipendekeza tangu mwaka 2013, na hazina ubaya kwa asili yake. Lakini masoko mengi huziangalia kwa jicho la shaka. Huduma ya kuchanganya iitwayo Tornado Cash, ya mtandao mwingine wa sarafu uitwao Ethereum, iliwekewa vikwazo na Marekani mwezi Agosti 2022, na vikaondolewa Machi 2025. Mama anayetaka kujenga nyumba yake hana haja ya kuingia kwenye mvutano huo. Kuna pia sarafu ya Monero, iliyoanza mwaka 2014, ambayo siku hizi inamficha mtumaji, mpokeaji na kiasi yenyewe bila ya kuombwa. Ni kazi nzuri kwa ufundi wake, ila soko la sarafu la Binance liliiondoa Februari 2024, na kuigeuza kuwa shilingi kwa urahisi hapa kwetu ni mtihani. Ukitaka, jifunze taratibu. Usiingie kwa hofu.

Kwenye USDT, ukiwa unaipokea kwa mtandao wa Tron au Ethereum, sitara ni ndogo zaidi kuliko ya bitkoini. Huko hakuna noti na chenji, kuna akaunti moja yenye salio, kila aliyewahi kukulipa anaisoma. Mpe mteja wa pili akaunti yake peke yake na usiichanganye na nyingine. Na hicho kiasi kidogo kilichoingia usikiguse. Tazama anwani iliyokituma: yumkini herufi zake za mwanzo na za mwisho zinafanana na anwani unayoitumia mara kwa mara. Ni mtego. Wanangoja siku utakayoinakili anwani kutoka kwenye orodha ya miamala iliyopita, uchukue yao ukidhani ni ya mteja wako. Usinakili anwani kutoka historia kamwe, na ukihakiki, soma mpaka herufi za katikati.

Kwa malipo madogo ya hapa mjini, tumia Lightning, mtandao wa malipo ya haraka. Iko juu ya bitkoini, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2018, na malipo yake moja moja hayaandikwi kwenye daftari la wote. Kinachoandikwa ni kufunguliwa na kufungwa kwa njia ya malipo. Ukimlipa muuza samaki kwa Lightning anapata chake, haoni salio lako. Weka waleti ndogo ya Lightning kwenye simu yenye matumizi ya wiki, na akiba iwe kwenye kifaa tofauti kisichokaa na simu.

Hili la kifaa nalisema pia kwa ajili ya nyayo za uchochoroni. Simu unayotembea nayo isiwe na akiba ndani, na yale maneno 12 yasiwe picha kwenye simu wala karatasi ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za ukumbini. Wapeleke wanao wakalale kwa mama yako au mlete mdogo wako wa kike akae nawe mpaka mume arudi, na ukimwambia jirani unayemwamini kwamba una wasiwasi si aibu. Ukitishwa na yeyote, hata akiwa ndugu, nenda kituoni uandikishe. Akiuliza mtu, jibu lako liwe moja: ile ni pesa ya nyumba ya marehemu, ina mafundi wake. Ni kweli, na huna haja ya kuongeza neno.

Rafiki yako aliyesema asiye na baya hana haja ya kujificha, mwambie anipe hesabu yake ya M-Pesa ya miaka miwili tuibandike kwenye ukuta wa ngome. Hatatoa, na hatakuwa mwovu kwa kutotoa. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi zisiwekwe hadharani bila sababu. Dini yetu nayo inakataza kupelelezana, na inatutaka tubishe hodi kabla ya kuingia kwa mtu.

Ila sitara dhidi ya baraza si ruhusa ya kumficha mwenye haki. Mshahara wako ni kipato, na kipato kina kodi yake, ulipwe kwa shilingi au kwa satoshi. Ile kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023 imefutwa, na tangu Julai 2025 kinachotozwa ni ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ya mtoa huduma. Ipo pia sheria ya mwaka 2025 inayowataka watoa huduma hao wapate leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hayo yote hayakuondolei kodi ya kipato. Basi weka daftari lako mwenyewe, la karatasi ukipenda: tarehe, kiasi, thamani kwa shilingi siku ile. Litakufaa kwa KRA, mamlaka ya kodi, na litakufaa ukikaa kupiga hesabu ya zaka.

Mume wako hukumtaja kama anajua kiasi. Kama hajui, akirudi mwambie wewe kabla hajaambiwa gatini. Na mkubaliane maneno 12 yatakaa wapi na nani atayajua Mungu akikuchukua, maana siri ikiwa ya mtu mmoja peke yake, watoto watarithi anwani wanayoiona kila siku na hawawezi kuifungua.

La mwisho ni yule fundi. Nenda kwake, kwa baba na si kwa mwana, ukae dakani kwake umweleze. Mwambie mteja anapolipa, hesabu yake ni amana, sawa na nguo aliyompelekea fundi cherehani au vipimo vya chumba chake cha kulala alivyopimiwa mlango. Nawajua mafundi wa nakshi wa Langoni, wengi wao ni watu wa haya, sidhani kama mzee alijua mwanawe amefanya nini. Ukimwendea kwa adabu atamkanya kuliko utakavyoweza wewe. Na mlango ukiwa tayari, salio lake lote mlipe kutoka waleti ile ile ya zamani.